Shimo la Maji

Nisamehewe nikianza kwa hasira. Nimejaribu mara mbili kuandika haya kwa upole, na mara zote mbili nimejikuta naandika habari za mvua. Basi niseme moja kwa moja: kaka yangu, tuliyenyonya titi moja, aliwaomba mkono wanawake kumi na wanne wa mto mmoja, tukaja na majembe yetu tukamchimbia shimo, na shimo hilo ndilo lililotia ugonjwa kwenye maji tunayokunywa. Hakutulazimisha. Tulikuwa tunaimba tukichimba.

Mimi ni fundi wa cherehani. Soko letu silitaji kwa jina; liko upande wa Makueni, ukishapita Kalamba, na anayelijua atalijua. Nilipoondoka kwenda kuolewa Kanyangi, kule Kitui, soko hilo lilikuwa mstari mmoja wa maduka, posho mili ya kusaga unga, na mti wa kufungia punda. Niliporudi, maana ndoa ilikufa na hiyo ni habari nyingine, nilikuta nusu ya njia ya kwenda kwetu imejengwa. Lami ilikuwa imefika. Baada ya lami kikaja chuo, na chuo kikaleta wanafunzi, na wanafunzi wanataka vyumba. Kila mwenye shamba kando ya barabara akawa mwenye ploti. Watu waliokuwa wakikutana njiani wanaulizana kama mbaazi zimetoa maua, sasa wakawa wanaulizana, "Umefika linta?" yaani ukuta umeshapita madirisha au bado.

Sikuchukia. Niseme ukweli, nilifurahi. Wanafunzi wanashonesha, hasa wasichana, na suruali za wavulana wa chuo hupasuka mahali pale pale kila wiki. Nilipata kibanda chenye mlango wa chuma na stima. Nani angenuna?

Lakini mama alianza kupungua, na hakuna aliyeona kwa sababu alipungua polepole. Alikuwa na njia yake ya kwenda kanisani, inakata katikati ya mashamba ya watu, ameipita tangu akiwa bibi arusi. Mwaka mmoja njia ikafungwa kwa seng'enge. Akapata nyingine, nayo ikafungwa kwa mabati. Ikabaki lami, na kwenye lami kuna bodaboda zisizojua breki, na lori za mchanga. Mara mbili alirukia mtaroni. Akaacha kwenda mikutano ya akina mama ya Jumatano. Mtu aliyekuwa akitembea kila siku sasa akawa anakaa kwenye kigoda mlangoni anasikiliza muziki wa baa, ambayo walikuwa wameijenga mahali pale tulipokuwa tukipura mtama. Vikombe vilikuwa vikitetemeka kabatini saa nane mchana. Magoti yakakaza, presha ikapanda. Daktari akamwambia atembee. Mama akamuuliza, "Nitembee wapi?" Daktari akacheka, akafikiri ni utani.

Kilichombakia ni mto.

Mgeni akiuona mto wetu wakati wa kiangazi atasema umekufa. Ni mchanga mtupu, mweupe, unaochoma nyayo. Maji yako chini. Unachimba kwa mikono na sufuria kuukuu mpaka mchanga ubadilike rangi, kisha unakaa unangoja, na maji yanajikusanya taratibu, unayachota kwa kibuyu. Mama alikuwa na kisima chake kwenye kona ya mto, mahali pale pale kila mwaka, amekizungushia matawi ya miiba ili ng'ombe wasikivuruge. Maji ya mfereji wa sokoni alisema yana harufu ya msumari. Ya kwake yalikuwa matamu, na hilo si maneno ya mtoto kumsifia mama. Watu walikuwa wakipita wanaomba kikombe. Asubuhi alishuka na punda wake na mitungi minne, taratibu kwa sababu ya magoti, na huko ndiko alikokutana na wenzake wakaongea mpaka jua likawachoma.

Sasa nieleze mwethya, kwa sababu bila mwethya, kaka yangu angekodi watu wa kuchimba na mimi nisingekuwa na la kuandika. Mwethya ni kazi ya pamoja. Kwetu Ukambani nyumba imejengwa kwa mwethya, matuta ya mashamba yamechimbwa kwa mwethya, na ule ukuta unaozuia mchanga mtoni ndio mama na wenzake walioubebea mawe kichwani kabla mimi sijabalehe. Mtu akiita mwethya unauliza mambo mawili tu: saa ngapi, na tuje na jembe au na sepetu. Huulizi ni ya nini na mimi nitapata nini. Anayeuliza hivyo anaonekana mchoyo, na jina hilo likikushika hutaitiwa watu hata siku ya msiba wako.

Mama ndiye alikuwa mkubwa wa mwethya wa upande wetu. Akisimama, watu wanakuja.

Baba alipogawa shamba kabla hajafa, sehemu ya juu, inayogusa barabara, alimpa kaka. Ya chini, yenye nyumba, akamwachia mama. Mabinti hatukuulizwa na hatukutegemea kuulizwa. Kaka ana duka la vifaa vya ujenzi huko Wote, kwa hivyo lami ilipofika hakuchelewa. Alijenga ghorofa moja, vyumba ishirini na vinne, choo ndani, rangi ya chungwa. Sisi huku chini tulikuwa tukiinua macho tunaona vioo vya madirisha vinang'aa, na mama alikuwa akisema, "Baba yenu angeona," na alikuwa akimaanisha kwa furaha.

Jumapili moja baada ya matangazo ya kanisa mama alisimama. Alikuwa amepelekwa kwa gari la kaka siku hiyo. Akasema, "Mwanangu anaomba mkono wenu. Ni shimo la maji." Akakaa. Hakuna aliyeuliza. Wanawake wakaitikia, wengine wakapiga makofi.

Nataka nikae hapo kidogo kwenye maneno hayo. Shimo la maji. Kwetu maneno hayo yana maana moja. Mahali ambapo msichana wa miaka sita anabeba mtungi wa lita tano, ukisema shimo la maji, kila mtu anaona tangi la chini ya ardhi, linaloshika mvua ya paa, lenye kifuniko na kufuli. Na paa la kaka lilikuwa kubwa. Hata mimi nilishaanza kupiga hesabu ya mvua za Novemba.

Tulichimba siku tatu. Udongo wa juu ulikuwa mlaini, halafu tukakuta murram, udongo wa changarawe, mgumu, jembe linaruka linakurudia. Tulipokezana: wawili ndani wanachimba, wengine wanavuta ndoo kwa kamba. Mama, na magoti yake, alipika muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, kwenye sufuria la kanisa, na siku ya pili nilimkuta naye ameshuka ndani na jembe, eti wenzake wasiseme. Kaka alileta soda. Siku ya tatu, shimo lilipotuzidi urefu mara mbili, mwenzetu mmoja mcheshi alisema kutoka chini, sauti inatoka kama ya mtu aliye ndani ya pipa, "Jameni, hii ikijaa, mimi na ile mto tumeachana!" Tukacheka sote. Mwingine akaongeza, "Mimi nitaleta mtungi hapa na slipasi, kama mtu wa taoni."

Kaka alikuwa amesimama hapo hapo ukingoni, mikono mfukoni. Alisikia. Akacheka nasi, akasema, "Mungu ni mwema." Tukamjibu, "Kila wakati."

Nimeikumbuka sekunde ile mara nyingi kuliko nilivyoikumbuka siku ya harusi yangu. Angeweza kusema. Kulikuwa na nafasi ya kusema.

Baada ya wiki mbili shimo likafunikwa kwa zege. Wapangaji wakaingia chuo kilipofungua. Mwenzetu mcheshi aliniuliza mara moja sokoni bomba litatoka upande gani, nami nikamuuliza kaka kwa simu, naye akasema, "Bado kidogo, kuna kazi haijaisha." Nikampelekea jibu. Alisubiri. Sote tulisubiri kwa adabu, kwa sababu mwethya haudai.

Mama akaugua. Homa, kichwa, tumbo. Zahanati wakasema taifodi, wakampa dawa, akapona. Baada ya miezi miwili akaugua tena. Mara ya tatu alilazwa wiki nzima na alirudi nyumbani nywele zikikatika, anashika ukuta akienda chooni, yule aliyekuwa akiteremka mtoni na punda. Mimi mwenyewe niliinama kwenye cherehani siku moja nikashindwa kuinuka. Mteja ndiye aliyeizima mashine, mkono wa gauni lake umeshikizwa nusu. Taifodi. Kisha mwenzetu mcheshi, kisha mjukuu wake. Tulilaumu chapati za hoteli. Tulilaumu vumbi la barabara, wale wageni, mboga za Mbumbuni. Mchungaji akatangaza siku tatu za kufunga, na tulifunga kwa imani, tukafungua kwa maji ya mtoni.

Aliyeniuliza swali la maana ni muuguzi, msichana mdogo tu, mgeni hapa. "Maji mnatoa wapi?"

"Mtoni. Kwenye mchanga."

"Na juu yenu kunakaa nani?"

Nikamjibu kwa majivuno, Mungu anajua, nikasema, "Ni kaka yangu. Ana ploti." Akaandika kitu. Kisha aliniangalia, na nikiwa njiani naenda nyumbani yale macho yakaanza kunisumbua.

Asubuhi niliteremka mtoni kabla ya kufungua kibanda. Nikaondoa miiba ya mama, nikachota mchanga mpaka maji yakaja. Nikayakoroga kwa kibuyu. Yakatoa povu. Povu la sabuni ya unga, lile dogo dogo linalokataa kupasuka. Nilikaa hapo nikaliangalia. Nikajiambia labda mtu amefulia karibu. Nikanusa. Sitaeleza.

Nikafuata ukingo kupanda juu. Ilikuwa Septemba, kila kitu kimekauka, mbuzi wanakula katoni. Lakini kwenye mteremko kulikuwa na ukanda wa nyasi za kijani, nene, upana wa kitanda, unaopanda moja kwa moja. Niliufuata kama mtu anayefuata uzi. Ukanifikisha kwenye zege la kaka yangu.

Fundi wa ujenzi alikuwa pale anapiga plasta ukuta wa nyuma. Tunajuana, nimemshonea suti. Nikamuuliza, nikijifanya nauliza tu, hilo tangi lina maji kiasi gani. Akacheka mpaka akashusha mwiko. "Tangi gani, mama? Hiyo ni ya choo. Ya vyumba zote." Nikamuuliza huwa linajaa baada ya muda gani. "Hii haiwezi jaa. Mwenyewe alisema tusipige sakafu chini. Ukiacha chini wazi, shimo inakunywa yenyewe. Hakuna cha kuita lori ya kunyonya." Alisema kwa fahari, kama mtu anayekufundisha ujanja wa kazi.

Shimo linakunywa lenyewe. Nilirudi nikipita kwenye zile nyasi na maneno hayo yananigonga. Tulikuwa kumi na wanne. Tumechimba sisi, kwa nyimbo za kanisa, futi kwa futi kuelekea maji yetu wenyewe.

Nilingoja Jumapili kwa sababu Jumapili kaka huja kumwona mama baada ya ibada. Sikumwambia mama kwanza. Nilitaka asikie mbele yake, nilitaka awe upande wangu hapo hapo, amgeukie mwanawe kwa ile sauti aliyotupigia tukiwa wadogo. Siku nne nilikuwa nikiijenga picha hiyo kichwani nikishona. Nakiri ilinipa raha.

Walikaa kwenye veranda, jua kali, kaka amelegeza tai. Nikasimama. Nikasema yote: povu, nyasi, fundi, sakafu. Nikasema mama karibu afe.

Kaka hakukasirika. Laiti angekasirika. Alinisikiliza kama anavyomsikiliza mteja anayerudisha msumari, halafu akasema, "Sasa wewe ulitaka hiyo maji yote iende wapi?"

"Ulituambia ni shimo la maji!"

"Na si ni maji? Nilidanganya wapi? Nyinyi ndio mlisema tangi. Mimi nilisema tangi?" Akamgeukia mama. "Mwaitu, nilisema tangi?"

Mwaitu ndilo jina tunalomwitia mama, Wakamba wote, na alilitamka kwa upole, kama mtoto mzuri. Mama alikuwa akiangalia mikono yake. Nikangoja. Nikasema nami, "Mwaitu, mwambie."

Mama akainuka, akishika ukuta. Akaingia ndani. Nilidhani ameenda kulia. Akatoka na chupa ya maji ya dukani, ile ya kununua, kifuniko bado hakijakatwa, akaiweka kwenye meza mbele ya kaka. Halafu akarudi ndani, nikasikia kikombe kikigonga mtungi, akatoka na kikombe cha bati kimejaa, akanipa mimi. "Kunyweni maji kwanza," alisema. "Jua ni kali. Mtaongea."

Kaka alikata kifuniko akanywa. Hakushangaa kuiona ile chupa, na mkono wa mama haukusita kuileta. Nikaingia ndani. Nyuma ya mlango wa chumba chake, chini ya kanga iliyokunjwa, kulikuwa na katoni ya chupa kama ile, zimebaki tano.

Nilimuuliza kutoka pale mlangoni. "Mwaitu, hizi ni za nani?"

"Za ndugu yako. Tumbo yake haiwezani na maji yetu."

"Tangu lini?"

Mama yangu hajui kusema uongo akiulizwa moja kwa moja, ndiyo sababu watu walikuwa wakija akiita. "Tangu wapangaji waingie," akasema. "Aliniambia nisiseme. Watu wangemwona mbaya, na ni mimi niliwaita."

Alikuwa amejua maji yale yana nini. Amelala hospitalini wiki nzima, nimemwosha, nimembeba mgongoni mpaka lami, naye anajua. Na kila jioni nilipotoka kazini amenichotea kikombe kutoka kwenye mtungi ule, na nikanywa, na nikamwambia asante.

"Na mimi, mwaitu?"

Aliniangalia kwa mshangao, mshangao wa kweli, kama nimeuliza kitu ambacho hata mtoto anajua.

"Yeye huja kama mgeni," akasema. "Wewe si ni wa hapa nyumbani."

Nilimwaga kile kikombe uani. Kisha nikautoa mtungi wenyewe, mzito, nikaubeba mpaka kwenye seng'enge nikaumwaga wote, na hakuna aliyenizuia. Nikaondoka nikaenda nyumba ya kwanza, kwa yule mwenzetu mcheshi. Nilimkuta anamlisha mjukuu uji. Nikamwambia wasinywe tena maji ya mtoni, nikamwambia lile shimo ni la nini. Akarudisha kijiko kwenye uji. Hakumtukana kaka yangu. Alikuwa na swali moja tu, na aliliuliza polepole, kwa sababu aliyemwita kuchimba si kaka yangu.

"Na mama yako alijua?"

Nikamwambia hapana, hakujua. Nikaenda nyumba ya pili, nikasema hivyo hivyo, na ya tatu, mpaka nikazimaliza zote.